Ufundi wa Kumpenda Mkosaji

Zakaria alimpiga binti yake kwa sababu ya barua. Aliyesoma riwaya ya Rosa Mistika hata mara moja, miaka mingi iliyopita, anakikumbuka kipigo kile hata kama mengine yote yamemtoka. Binti hajafanya lolote. Ameandikiwa tu na mvulana, na barua imeangukia mikononi mwa baba mlevi ambaye katika nyumba yake hakuna jema analolilinda isipokuwa usichana wa binti zake. Kurasa nyingi baadaye binti huyohuyo, Rosa, atapita mikononi mwa wanaume, atasema uongo, atatoa mimba. Na msomaji, ambaye pengine ni mzazi, pengine ni mtu wa swala au wa rozari, atabaki na kitabu mapajani asijue amweke wapi msichana huyu. Akitaka kumlaani, kipigo kinamshika mkono. Akitaka kumtetea, yale aliyoyafanya yanamziba mdomo.

Euphrase Kezilahabi hakuwa amefika hata miaka thelathini kitabu hicho kilipotoka, mwaka 1971. Mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, ndiyo kwanza alikuwa ametoka chuo kikuu. Angeweza kuanza na anguko, kama ambavyo wengi wangeanza, maana anguko ndilo linalouza. Akaanza na kipigo. Angekiweka mwisho kingekuwa adhabu, nasi tungeitikia amina. Kwa kukitanguliza amekifanya kiwe sehemu ya kosa, na baba akawa mshitakiwa kabla binti hajakosea. Ni uamuzi mmoja tu, wa mahali pa kuweka jambo. Lakini ndani yake mna kazi yote ya mtu anayejua kuandika mapenzi ya watu wasio wema, na kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu hapa, kwa sababu naona inatutoka mikononi na hakuna anayeililia.

Niliijua kwa masikio kabla sijaijua kwa macho. Tuliishi Kirumba, Mwanza, katika nyumba ya kupanga ambayo vyumba vyake vilitazamana na ua mmoja wa kufulia na kupikia. Mama mdogo alikuwa amesoma hadi darasa la nane, na pale uani yeye ndiye aliyesomea watu barua zao na kuwaandikia majibu. Jioni, masufuria yakishaoshwa, wanawake walitandika mikeka, huyu anasuka, yule anasukwa, mwingine anachambua mchele wa kesho, na mama mdogo anasoma. Kitabu kilikuwa kimevikwa gazeti ili jina lake lisionekane. Sisi watoto tulitakiwa tuwe tumelala, nasi tulilala, macho yamefumbwa na masikio yako wazi.

Hakuwa msomaji wa kukimbia. Palipo na aibu alishusha sauti, na hakuishusha kwa kuona haya. Aliishusha kwa heshima, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye msiba. Palipo na mazungumzo alibadilisha sauti: Zakaria alipewa sauti nzito ya pombe, mkewe Regina sauti ya mwanamke aliyezoea kukatizwa. Na alijua pa kukomea. Alikomea pale ambapo mhusika amekwisha kufanya jambo lakini matokeo yake hayajafika, akafunga kitabu, akasema taa inamaliza mafuta. Hapo ndipo kikao kilipoanza.

Mmoja, aliyekuwa akiuza dagaa mwaloni, hakuwa na subira na Rosa hata chembe. Alisema msichana amepata bahati ya shule, shule ambayo wao hawakuiona hata mlango wake, halafu anaichezea. Yeye hamwonei huruma. Mwingine, mama wa watoto wengi, ambaye mume wake tulimjua wote kwa kelele zake za usiku, alinyamaza kitambo kisha akasema, "Huyo mtoto alifundishwa kuwaogopa wanaume. Kuwajua hakufundishwa." Na bibi mmoja wa Kikerewe, aliyezijua njia za Namagondo kwa miguu yake mwenyewe, hakujali Rosa alilala na nani. Alichotaka kujua ni nani alimkagua Charles, mchumba wake. Mwanamume anakuja kuchumbia, anataka mke ambaye hajaguswa, anamwacha binti wa watu anapogundua kuwa ameguswa. Je, yeye mwenyewe alikuwa wapi miaka yote hiyo? Swali hilo lilikaa pale uani muda mrefu. Walilirudia wakitwanga, wakalirudia wakiwa kwenye foleni ya maji, wakalihamishia kwa wanaume wa kweli wenye majina, waliokuwa wakipita barabarani bila kujua kwamba wamo kesini.

Nilipokuja kukisoma kitabu mwenyewe, mtu mzima, nikakuta kwamba maneno mengi niliyoyabeba moyoni tangu utotoni hayamo. Yalikuwa ya wale wanawake. Mwandishi alikuwa amewaachia nafasi, nao wakaingia, wakakaa, wakasema. Sijui sifa kubwa kuliko hiyo ambayo riwaya ya mapenzi inaweza kupewa.

Watu hudhani kwamba kuandika mkosaji ni kazi rahisi: mwache mke atoroke, mwache kijana aibe, mwache mchungaji apende pasipopendwa, na hadithi imekwisha kukolea. Lakini mvunja mwiko hana uzito mahali pasipo na mwiko, na anayeandika lazima aujue mwiko huo jinsi mashangazi wanavyoujua. Mwana Kupona alipomtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa mawaidha mwaka 1858, aliyaweka katika beti yale ambayo nyumba za pwani zilikuwa zikiyasema kila siku: namna ya kukaa na mume, namna ya kuuchunga ulimi, radhi hutafutwa wapi. Utenzi ule umehifadhiwa kwa moyo, umesomwa kwa mahadhi, umepita kutoka kwa mama hadi kwa binti. Hata bara, ambako wengi hawakuusikia, mafunzo ya namna hiyo yalikuwapo kwa majina mengine, unyagoni na katika vikao vya kumfunda mwali. Riwaya yetu ya mapenzi imezaliwa ndani ya nyumba hiyo. Haiwezi kujifanya haikuyasikia mawaidha. Mhusika wake anapovunja, anavunja kitu alichokabidhiwa na mtu aliyempenda, na ndiyo maana tunashtuka, kwa kuwa tunajua nani atalia.

Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, alitupa watu wa kuigwa. Adili, Karama, Utubora: ukisikia jina tu umejua umkaribishe sebuleni. Namheshimu mzee yule kupita kiasi, na Kiswahili chake ni chakula changu. Alifanya alichokusudia na hakuna aliyemfikia. Ila Utubora ni mtu wa kustahiwa. Huwezi kumkasirikia, huwezi kukosa usingizi kwa ajili yake, huwezi kumtetea mbele ya jirani huku moyoni ukijua kwamba jirani ana hoja. Kisha ikaja miaka ya 1970, na ghafla riwaya zetu zikajaa watu ambao usingependa waingie katika ukoo wako, nawe huwezi kuacha kuwafuata.

Mtazame Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya ya pili ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974. Ni msomi wa chuo kikuu. Manase amemharibia dada yake, na Kazimoto anaamua kulipa kisasi kwa njia ya Sabina, dada wa Manase. Mapenzi yanaanza hapo, katika nia chafu kabisa. Halafu yanakuwa mapenzi. Mwandishi dhaifu angetuonyesha mahali ambapo kisasi kinaisha na upendo unaanza. Angetupa machozi, ungamo, msamaha. Kezilahabi hatupi mpaka huo. Tunasoma maneno matamu ya Kazimoto kwa Sabina na hatujui tuyaamini kwa kiasi gani, na kibaya zaidi, tunashuku kwamba hata yeye hajui. Nimewahi kuwa na rafiki aliyeoa hivyo, na ndoa yake ilidumu, na sikupata kumwelewa mpaka niliposoma kitabu hicho.

Au mchukue Idi wa Kiu, riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed ya mwaka 1972. Mzee Mwinyi mwenye mali anamtaka Bahati, binti maskini. Idi anaingia katikati yao, na tangu hapo hatujui kama kijana huyu anamtaka msichana au anataka fedha. Kila mmoja wa watatu hawa ana kiu yake, na kila mmoja anamnyima mwenzake maji. Kiswahili cha kitabu hicho ni cha Unguja, chepesi, chenye adabu, na adabu hiyo ndiyo inayofanya usaliti uume. Hakuna anayepiga kelele. Watu wanaharibiana maisha wakiitana kwa majina ya heshima.

Kwa Yasmin wa Vuta N'kuvute nitakaa kidogo zaidi, maana yeye ndiye ninayempenda kuliko wote. Shafi Adam Shafi alimtoa mwaka 1999, lakini dunia yake ni Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yuko. Ni binti mdogo wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa umri wa baba yake. Anatoroka. Milango ya jamaa zake inafungwa mbele ya uso wake, na mlango unaofunguka ni wa Mwajuma, mwanamke maskini wa Ng'ambo, mpenda taarabu na starehe, ambaye hana cha kumpa ila nusu ya alichonacho. Kisha anampenda Denge, mwanaharakati aliyesoma Urusi, anayewindwa na polisi wa wakoloni. Hesabu miiko: ndoa, ukoo, kabila, siasa. Yasmin anaivunja yote.

Sasa angalia alivyofanya fundi. Raza hakufanywa jitu. Angemfanya jitu, Yasmin angekuwa mtumwa anayejikomboa, nasi tungempigia makofi tukaenda kulala. Raza ni mzee anayempenda mkewe kwa namna anayoijua yeye, na namna hiyo haimfai msichana wa umri ule. Kwa hiyo Yasmin anapoondoka anamwumiza mtu. Anaumiza mtu na bado ana haki ya kuondoka. Msomaji anapewa vyote viwili avibebe, na hapewi mahali pa kutua kimojawapo. Na Denge, ambaye tungetarajia awe zawadi ya Yasmin baada ya mateso yote, naye ana kasoro isiyotibika: mapambano yanamtangulia mwanamke. Anampenda, naamini anampenda, lakini mwanamke mwenye Denge ni mwanamke wa kusubiri. Shafi hamlaumu kwa hilo wala hamsafishi.

Mwongozaji Amil Shivji alipoifanya riwaya hiyo filamu mwaka 2021, ikafika hadi tamasha la Toronto, nilifurahi kama mtu aliyeona ndugu yake kwenye gazeti. Vijana wakaanza kumtaja Yasmin. Wengi wao walikuwa wamekwisha kukutana naye kidato cha tano na cha sita, na nitasema baadaye kidogo walikutana naye vipi.

Ninavyoona mimi, ufundi wenyewe uko hapa: dosari ya mhusika na upendo wake lazima vitoke mahali pamoja. Rosa anawaendea wanaume kwa sababu ileile iliyomfanya atamani kuambiwa neno la upole; nyumbani kwao hapakuwa na mwanamume aliyelisema. Ukaidi unaomtoa Yasmin kwa Raza ndio unaomfanya amvumilie Denge. Ukiweza kumwondolea mhusika dosari yake na hadithi ikasimama vilevile, basi dosari ile ilikuwa pambo. Waandishi hawa walijua hilo kabla hawajashika kalamu, au kalamu iliwafundisha njiani. Vyovyote vile, kazi inaonyesha. Na walijua kuchelewesha hukumu. Kezilahabi, ambaye alikuwa amelelewa katika mafundisho ya Kikatoliki na alijua fika nini kinasemwa juu ya mtu anayejiua kama Rosa, hakukubali hata kaburi limalize kesi ya Rosa. Alimpeleka mbele ya hukumu ya Mungu pamoja na baba yake, na hata huko baba na binti wakaendelea kusutana.

Lawama ninayo pia kwa wazee wetu hawa. Walikuwa wepesi mno kuwaua wanawake wao. Mwanamume hukosa, akaenda zake. Mwanamke hukosa, na sura ya mwisho tayari inachimba shimo. Ndiyo maana namshukuru Said Ahmed Mohamed kwa Maimuna wa Utengano, riwaya ya mwaka 1980. Binti aliyefungiwa ndani na baba tajiri mwenye cheo na makucha, anatoroka, anaangukia kwenye danguro la Mama Jeni, anaimba, analewa, uzuri wake unakwisha mbele ya macho yetu. Kila kitu kinamwandaa kufa. Mwandishi anamwacha aishi, akampa Kabi, mwanamume anayempenda akijua fika alikotoka. Nakumbuka nilivyofika huko mwisho nikiwa nimejikaza kwa ajili ya mazishi.

Rosa Mistika kilizuiwa mashuleni kwa muda. Walioogopa waliogopa kwamba wasichana watamwiga. Sijapata kukutana na msichana aliyesoma maisha ya Rosa akayatamani. Niliokutana nao walikisoma kwa siri, kikipita mkono kwa mkono bwenini hadi kurasa zikawa laini, na walikisoma kwa hofu ya mtu anayeona mtego aliokuwa karibu kuukanyaga. Miaka ikapita, kitabu kikaruhusiwa, kikawa cha kiada Tanzania na Kenya. Tulishangilia. Hatukujua kwamba darasa lingemfanyia Rosa jambo ambalo marufuku haikuweza.

Chukua daftari la mwanafunzi wa leo anayejiandaa kwa mtihani wa Kiswahili. Utakuta fani na maudhui. Utakuta dhamira, ujumbe, msimamo, falsafa, kila kimoja kimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Utakuta wahusika, kila mmoja na sifa zake kwa namba: ni malaya, ni mlevi, hana msimamo, anafaa au hafai kuigwa na jamii. Utakuta nafasi ya mwanamke: mwanamke kama chombo cha starehe, mwanamke kama mtu jasiri, mwanamke kama mlezi. Yasmin yumo humo. Kijana anazikariri sifa hizo usiku kucha kutoka kwenye vijitabu vya uchambuzi vilivyonakiliwa kutoka kwa vijitabu vingine, anazimwaga kwenye karatasi ya mtihani, anapata alama zake, na hakufungua riwaya. Hafai kuigwa na jamii! Wale wanawake wa Kirumba, ambao wengine wao hawakujua kusoma, walikaa na Rosa usiku baada ya usiku bila kuthubutu kusema neno jepesi namna hiyo. Nimezungumza na walimu juu ya hili. Wanasema mtihani ndio unaotaka hivyo, na mtihani ni wa taifa zima. Ninawaelewa, na bado naona tumewafundisha watoto kuhukumu kabla ya kujuana.

Nje ya shule, mapenzi yanasomwa kuliko wakati wowote. Asiwepo wa kusema vijana hawasomi. Wanasoma kwenye daladala, wanasoma saluni, wanasoma wakiwa zamu. Simulizi zinawafikia kwenye simu, sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, itaendelea, na chini kabisa namba ya kulipia ili utumiwe zilizobaki. Sina ugomvi na simu. Magazeti yetu nayo yaliuza hadithi kwa vipande, na watu walinunua gazeti kwa ajili ya kipande hicho na kufungia maandazi habari za siasa. Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, aliandika kwa ajili ya wasomaji wa njiani, vitabu vya bei ya chini vyenye majalada ya kuvutia macho, lakini katika Dar es Salaam Usiku alimchukua mwanamke anayeuza mwili wake akamweka katikati ya hadithi ya mapenzi kama mtu mwenye akili, mwenye hesabu zake na mwenye maumivu yake. Kuuza kwa wengi hakukumzuia kufikiri.

Ninachokiona sasa ni haraka. Kipande kimeandikwa usiku, asubuhi kimetumwa, hakuna jicho la pili lililokipitia. Jina la mama mkwe linabadilika katikati na hakuna anayeuliza. Na watu waliomo humo wamekuwa wa aina mbili tu. Msichana ni maskini, mzuri, mpole, hajapata kutamani cha mtu wala kusema uongo. Akilala na mwanamume basi alitiliwa dawa kwenye kinywaji. Kijana ni tajiri wa kupindukia, mkali, mwenye majivuno. Huyu ndiye anayeitwa mwenye kasoro. Anamtukana msichana mbele ya watu, anamfungia ndani, anamvunjia simu, na kufikia sehemu ya thelathini anasamehewa kwa kuwa ana kifua kipana na gari lake halitoi mlio. Amevunja nini kijana huyu? Hakuna mwiko aliouvunja, maana hakuna aliyemwekea mwiko. Hana shangazi. Hana mtaa. Hana mtu ambaye atamwona kesho sokoni akageuza uso. Ukatili wake haumgharimu chochote, na wasichana wetu wanausoma wakiambiwa kwamba ndiyo mapenzi. Zakaria angepona vizuri sana katika simulizi hizi. Angepewa suti.

Nasema kwa uchungu, kwa sababu walioandika vile vitabu vya kwanza hawakutuachia tu hadithi. Walituachia kipimo, na kipimo chenyewe kinapotea kimwili, karatasi kwa karatasi. Shirika lililochapa Rosa Mistika, East African Literature Bureau, lilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na kazi yake ikarithiwa Nairobi. Baadhi ya riwaya za wakati ule zimechapwa tena, nyingine hazijachapwa. Jaribu leo kuingia duka la vitabu katika mji wowote wa mkoa uulize Kiu. Utaletewa kitabu cha kujifunza Kiingereza au cha namna ya kutajirika. Kwa wauzaji wa vitabu chakavu kando ya barabara utakipata siku ya bahati, kikiwa kimepoteza jalada na kurasa za mwisho, na muuzaji atakitaja bei bila kukitazama.

Ninamfahamu dada mmoja anayeandika simulizi hizi za simu, na ana kipawa. Ana sikio la mazungumzo. Watu wake wanazungumza kama watu wa Mbagala wanavyozungumza, na hilo halifundishwi. Mwaka jana aliniletea sura ambayo msichana wake, aliyempendeza kila mtu tangu sehemu ya kwanza, anaiba. Anachukua fedha za kikoba alizokabidhiwa na wanawake wenzake kuzitunza, anamtumia mpenzi wake aliyekwama safarini, akijiambia kwamba atazirudisha kabla ya siku ya kugawana. Sura ilikuwa nzuri mno. Mkono unaofungua sanduku la kikoba ni mkono uleule uliokuwa ukimpikia mwanamume yule chai sura mbili nyuma, na nilipoisoma nikamwambia wazi kwamba sasa ameandika.

Aliituma kwa wasomaji wake. Usiku huohuo wakaja juu. Wakamwandikia kwamba amemharibu dada wa watu, kwamba hawakulipia kusoma habari za mwizi, kwamba wanatoka kwenye kundi. Baadhi yao walitoka kweli. Yeye ana kodi ya kulipa na mtoto wa kusomesha, na mimi sina haki ya kumfundisha ushujaa. Akaifuta. Kesho yake ikatoka sura nyingine: fedha za kikoba zimeibwa na msichana wa kazi, mwanamume amekopeshwa nauli na rafiki yake, na yule dada analia kwa kusingiziwa, safi kama alivyokuwa mwanzo. Wasomaji wakarudi, wakamshukuru kwa mioyo mingi myekundu. Nilimuuliza msichana wa kazi anaitwa nani, na kwa nini aliiba. Akasema hakumpa jina, kwa kuwa hatatokea tena.